Mbachao na msala: diski mbili ndani ya kompyuta moja

Kila mwaka linapofunguliwa dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu, vibanda vya steshenari vilivyo karibu na stendi ya mabasi mjini Same hujaa vijana. Wengine wameshuka alfajiri kutoka Mbaga na Mamba, wengine wametoka Makanya na Hedaru, kila mmoja na bahasha yake mkononi: cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mtihani, picha ndogo, barua ya serikali ya mtaa. Hawana muda wa kupoteza, kwa kuwa gari la kurudi mlimani haliwasubiri. Hapo ndipo mwenye steshenari hupata riziki ya miezi kadhaa, na hapo ndipo kompyuta inayojivuta humfedhehesha.

Mpwa wangu ni mmoja wa wenye vibanda hivyo. Kompyuta yake mpakato aliirithi kwa marehemu baba yake, Allah amrehemu. Msimu uliopita mashine ile ilihitaji dakika nne nzima tangu kuwashwa hadi kukubali kuandika. Betri yake ilikuwa imekwisha nguvu, hivyo umeme ulipokatika ilizimika, na uliporudi zilihesabiwa dakika nne nyingine. Siku moja, alinisimulia, wateja saba walisimama mlangoni, wakatazama saa, wakahamia kibanda cha jirani.

Fundi mmoja akampa ushauri mwepesi: atoe diski ya zamani, atie ile mpya isiyozunguka ambayo mafundi huiita SSD, na mashine itakimbia kama iliyotoka dukani. Diski ya zamani aitupe, au amwachie yeye fundi kama sehemu ya malipo.

Neno "atupe" lilipofika Ndungu kwa mama yake, ambaye ni dada yangu, alipanda gari siku iliyofuata. Alipofika kibandani hakukaa kwanza. "Kaka," aliniambia, "zungumza na mwanao. Mashine ni yake, sikatai. Lakini sauti zilizomo si zake peke yake."

Shemeji yangu alikuwa na tabia ya kuwarekodi wazee. Kwa miaka mingi, kila alipopanda milimani kwa harusi, kwa msiba au kwa biashara, aliketi na wazee wa ukoo akawasikiliza wakieleza kwa Chasu nani alimzaa nani, shamba lipi lilitoka kwa nani, na mfereji upi ulichimbwa na mababu wa nani. Wengi wa wazee hao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Naye mwenyewe amewafuata. Sauti zao zote zilikuwa ndani ya diski moja, ndani ya mashine moja, juu ya meza ya steshenari kando ya stendi.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini hawakusema kwamba msala mpya usinunuliwe. Swali lililotukabili siku ile ni swali linalozikabili familia nyingi leo: je, diski mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani, au zikae pamoja? Na zikikaa pamoja, kila moja ibebe nini?

Sahani inayozunguka na chipu iliyotulia

Hatuwezi kuamua vyema juu ya kitu tusichokijua kinavyofanya kazi. Diski ya zamani, ambayo mafundi huiita hadidiski, ina sahani ngumu zenye utando wa sumaku. Sahani huzunguka bila kupumzika, na juu yake hupita mkono mwembamba wenye kichwa kinachosoma na kuandika. Kichwa hicho hakiigusi sahani. Huelea juu yake kwa unene mdogo wa hewa, mdogo kuliko unywele kwa mbali sana. Kifaa cha kwanza cha namna hii kilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Kilikuwa na sahani 50, kila moja pana kama sinia kubwa la pilau, kikawa na uzito wa karibu tani moja, na uwezo wake wote haukuzidi megabaiti 5. Picha moja ya simu ya leo yaweza kukijaza.

Kwa kuwa kichwa huelea juu ya hewa, watengenezaji huonya kwamba hadidiski za kawaida zisitumike katika miinuko inayozidi mita 3,000 hivi, ambako hewa ni nyepesi. Sisi wa Upare hatuna hofu hiyo: kilele chetu kirefu, Shengena, kina mita 2,460 na ushei. Tunachopaswa kuhofia ni vumbi, joto na mtikisiko.

SSD haina sahani wala mkono. Taarifa zake hukaa ndani ya chipu, kama zinavyokaa ndani ya flashi na ndani ya simu. Asili ya chipu hizo ni kazi ya Mjapani Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, ambaye katika miaka ya 1980 alibuni aina ya kumbukumbu isiyofutika umeme unapozimwa. Hakuna kinachozunguka, hivyo hakuna cha kusubiriwa.

Na kusubiri ndiko kunakoleta uzito wote. Hadidiski nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Kompyuta inapotaka kipande cha taarifa, mkono husogea hadi mstari wake, kisha hungoja sahani ikizungushe kipande hicho hadi chini ya kichwa. Kwa wastani kazi hizo mbili huchukua milisekunde 17 au zaidi kidogo. Waweza kuona ni muda mfupi. Lakini kompyuta inapowashwa haitaki kipande kimoja. Hutaka maelfu, navyo vimetawanyika huku na huko. Vipande 10,000 kwa milisekunde 17 kila kimoja ni sekunde 170, karibu dakika tatu. SSD huhitaji sehemu ya kumi ya milisekunde kwa kila kipande. Vipande vilevile 10,000 huvimaliza kwa sekunde moja. Kwa vitendo tofauti si kubwa kiasi hicho, kwa kuwa kompyuta ina kazi nyingine za kufanya, lakini dakika nne za mpwa wangu zilitoka humo.

Sasa tazama upande wa pili. Video ya harusi ya nusu saa yenye gigabaiti 2 huhitaji kusomwa kwa kasi ya megabaiti moja hivi kwa sekunde ili ionekane bila kukwama. Hadidiski husoma megabaiti 100 kwa sekunde pale mafaili yanapokuwa makubwa na yamepangwa mfululizo. Kwa kazi hiyo haina upungufu wowote. Video haitapendeza zaidi wala bi harusi hatang'aa zaidi kwa kuhamishiwa kwenye SSD. Na gigabaiti moja ya hadidiski, hasa katika ukubwa wa kuanzia terabaiti moja, kwa kawaida hununuliwa kwa bei ndogo kuliko gigabaiti moja ya SSD.

Basi kanuni yote imekwisha kujitaja: vitu vidogovidogo vinavyotakiwa kila saa viende kwenye chipu, na vitu vikubwa vinavyotakiwa mara mojamoja viende kwenye sahani. Mama wa nyumbani anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Chumvi na kibiriti hukaa karibu na jiko. Gunia la mahindi hukaa darini. Hakuna anayepanda darini kutafuta chumvi, wala anayelibana gunia kwenye rafu ya viungo.

Hesabu kabla ya ununuzi

Kabla ya kwenda dukani, tuliketi na mpwa wangu tukahesabu kilichomo. Diski ya zamani ilikuwa ya gigabaiti 500, na ilikuwa imebeba 310. Video za harusi na sherehe za familia zilichukua 190. Picha zilichukua 60. Mfumo endeshi na programu zake zilichukua 45. Sauti za wazee, kazi ya miaka yote ile, zilichukua 10 tu. Na kazi za steshenari, zilizokuwa zikilisha nyumba nzima, zilikuwa gigabaiti 5.

Hesabu hii ilitufumbua macho. Vitu vilivyohitaji kasi havikufika hata gigabaiti 60. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kununua SSD kubwa ya kumeza kila kitu. Ya gigabaiti 256 ilitosha. Ile ya 120 ingetosha kwa leo, lakini mfumo endeshi hunenepa kila unaposasishwa, na SSD iliyojaa pomoni hupungua kasi. Ni busara kuacha sehemu ya tano iwe wazi.

Hapa mnunuzi asishtuke: diski iliyoandikwa 256 ikifungwa kwenye kompyuta huonyesha 238. Si wizi. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu kamili, ilhali kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo ikizidishwa mara tatu hula gigabaiti 18. Wizi wa kweli ni ule wa diski na flashi bandia, zinazojitambulisha kuwa kubwa na ndani ni ndogo. Dawa yake ni kuijaza mafaili hadi juu siku ya kwanza, ukiwa bado na risiti, kisha kuyafungua ya mwisho kuona kama yanasomeka.

Wapo wanaoziogopa SSD kwa kusikia kwamba huchakaa zinapoandikwa. Ni kweli huchakaa, lakini tupime. Baadhi ya diski za gigabaiti 250 huja na kiwango cha uandishi cha terabaiti 150 kilichotajwa na mtengenezaji. Mtu anayeandika gigabaiti 20 kila siku, kiasi ambacho steshenari haikifikii, atahitaji siku 7,500 kukimaliza. Hiyo ni miaka 20. Kompyuta yenyewe itakuwa imekwisha kuwa hadithi.

Njia zilizokuwa mbele yetu

Njia ya kwanza ilikuwa ile ya fundi: SSD ndogo iingie, diski ya zamani itoke. Ni rahisi, lakini video na picha zisingekuwa na pa kukaa.

Njia ya pili ilikuwa kununua SSD moja kubwa ya terabaiti moja na kuhamishia kila kitu. Hii ndiyo njia ya utulivu kwa mwenye uwezo, hasa kwa kompyuta isiyo na nafasi ya diski mbili. Lakini ni kulipia rafu ya jikoni kwa ajili ya magunia.

Njia ya tatu ni ya kuziunganisha diski mbili zionekane kama moja, kompyuta ikiamua yenyewe nini kikae wapi. Mwaka 2012 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta za namna hiyo, zenye SSD ya gigabaiti 128 na hadidiski ya terabaiti moja zikifanya kazi kama kitu kimoja. Mpare ataielewa mara moja, kwa sababu anaijua ndiva. Chemchemi ya mlimani hutoa maji membamba yasiyofika mbali. Yakiachwa yateremke hivyo hivyo, udongo wa mfereji huyanywa kabla hayajafika shambani. Kwa hiyo wazee walijenga ndiva, bwawa dogo la kukusanya maji usiku kucha, na asubuhi mlango ukifunguliwa maji hushuka kwa nguvu. SSD iliyowekwa mbele ya hadidiski hufanya kazi ya ndiva: huweka tayari kile kinachotarajiwa kuhitajika. Ni ubunifu mzuri, ila una kasoro moja. Taarifa zimegawanywa kati ya diski mbili kana kwamba ni moja, hivyo ikifa mojawapo waweza kupoteza vyote. Kwa nyumba yenye sauti za marehemu, hatukuitaka.

Njia ya nne, tuliyoichagua, ni diski mbili zinazojitegemea ndani ya mashine moja, kila moja na jina lake na mzigo wake. Kompyuta ile ilikuwa na kiendeshi cha DVD ambacho hakikuguswa kwa miaka. Kuna kifremu cha bei nafuu kinachoingia mahali pa DVD na kubeba diski ya pili. Jambo la kuangalia ni unene: viko vya milimita 9.5 na vya milimita 12.7, na anayenunua bila kupima hurudi dukani mara mbili.

SSD iliwekwa mahali pa diski kuu, na hadidiski ikaenda mahali pa DVD. Sababu ni kwamba katika kompyuta nyingi za zamani njia ya DVD ni finyu kuliko njia ya diski kuu. Hadidiski haitausikia ufinyu huo, ila SSD ingeusikia. Kwa wenye kompyuta mpya zaidi, SSD huja kama kijibao chembamba kinachochomekwa kwenye nafasi iitwayo M.2. Wao waangalie jambo moja: vijibao vya SATA na vya NVMe hufanana umbo, na si kila nafasi hukubali vyote viwili. Vya NVMe vyaweza kusoma megabaiti 3,000 kwa sekunde na zaidi, ilhali vya SATA huishia karibu 550. Kwa kuandika barua, kujaza fomu na kuchapa, mtumiaji hataona tofauti ya maana.

Jambo lililobadilisha mpango

Hadi hapo mpango ulikuwa kuitumia diski ya zamani kama ghala. Dada yangu aliridhika. Lakini kabla ya kufungua parafujo hata moja, tulimwomba fundi mwingine, mzee mtaratibu, aisome afya ya diski ile. Kila diski huweka kumbukumbu ya maradhi yake, na zipo programu za bure za kuisoma. Alitazama kioo, akanyamaza, kisha akatuonyesha: diski ilikuwa imekwisha kuhamisha mamia ya vipande vilivyokufa, na vingine vilikuwa vikingoja kutangazwa kufa.

"Hii," alisema, "haitakiwi kuwa ghala. Hii inatakiwa kuagwa."

Nilimtazama dada yangu. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Hapo nilijifunza jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike kuliko yote yaliyotangulia. Tulikuwa tumetumia siku mbili kujadiliana nini kikae kwenye diski ipi, na hakuna aliyeuliza swali la kwanza: je, kuna nakala? Kugawa si kunakili. Ukiwa na diski mbili na kila kitu kimo katika moja tu kati yake, hujaongeza usalama. Umeongeza idadi ya vitu vinavyoweza kuharibika.

Mzee yule alitufundisha utaratibu. Diski mgonjwa haitumiwi kwa jambo lingine lolote; haiwashiwi mfumo wake, haifutwi, haipangwi upya. Huunganishwa kwenye kompyuta nyingine, na mafaili hunakiliwa kwa kufuata thamani, si kwa kufuata orodha. Tulianza na gigabaiti 10 za sauti. Zikafuata picha, zikafuata kazi za steshenari. Video tuliziacha mwisho kwa sababu ni kubwa na huichosha diski. Kazi ilianza baada ya swala ya adhuhuri na ikaendelea hadi usiku. Sauti zote zilitoka salama. Picha zilitoka. Video mbili zilikataa kabisa, na moja kati yake ilikuwa ya harusi ya binti yetu mkubwa. Dada yangu alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Alhamdulillahi, aliyeolewa yupo hai."

Tulivyozipanga

Mpango wa mwisho ulikuwa huu. SSD ya gigabaiti 256 ilibeba mfumo endeshi, programu na kazi za kila siku. Hadidiski mpya ya terabaiti moja iliwekwa mahali pa DVD ikawa ghala la video, picha na sauti. Kwa kuwa SSD ilikuwa bado na nafasi, sauti na picha, jumla ya gigabaiti 70, tulizinakili humo pia, na bado ikabaki nafasi ya kupumua.

Fundi alitupa tahadhari moja ambayo wengi huikosa: wakati wa kusimika mfumo endeshi kwenye SSD, hadidiski iwe imechomolewa. Zikiwa zote mbili ndani, mfumo waweza kuweka sehemu yake ya kuanzia kwenye hadidiski, na siku utakapoiondoa, kompyuta haitawaka nawe hutajua kwa nini.

Lakini nakala mbili ndani ya mashine moja bado ni yai mbili ndani ya kapu moja. Mwizi huchukua mashine, hachagui diski. Kwa hiyo tulinunua hadidiski nyingine ndogo yenye kasha la nje, inayochomekwa kwa USB, na hiyo ikapewa dada yangu akae nayo Ndungu.

Kwa nini ya kwake isiwe SSD? Kwa sababu ya joto na kimya. SSD hushikilia taarifa kwa chaji za umeme ndani ya chipu, na chaji hizo huvuja polepole diski inapokaa bila umeme, joto huziharakisha. Kipimo cha kimataifa kwa SSD za kompyuta za kawaida ni kwamba hata ile iliyokwisha kutumika hadi kikomo chake cha uandishi ihifadhi taarifa mwaka mmoja bila umeme, katika nyuzi 30 za Selsiasi. Iliyo mpya huvumilia zaidi sana. Hata hivyo, anayejua kabati la nyumba ya bati pale Ndungu mwezi wa pili anajua kwamba nyuzi 30 ni asubuhi. Sahani ya sumaku haitegemei chaji, na kwa kitu cha kulala kabatini ndiyo inayofaa zaidi. Ila nayo isisahauliwe. Iamshwe kila baada ya miezi michache, isomwe, iongezewe mapya.

Na safarini? Barabara inayozunguka milima upande wa mashariki, kupitia Kisiwani na Maore hadi Ndungu, huitikisa mizigo. Hadidiski iliyozimwa huegesha mkono wake mahali salama na huvumilia mtikisiko. Iliyo kazini haivumilii. Kwa hiyo mpwa wangu sasa anaizima mashine kabisa kabla ya kuitia begini. Haifungi tu kifuniko akapanda bodaboda nayo ikiwa macho. Pia alibadilisha betri, kwa sababu umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, iwe ya sahani au ya chipu, faili laweza kubaki nusu. Mwenye kompyuta ya mezani atafute UPS kwa sababu hiyohiyo.

Diski ya zamani ni amana

Yule fundi wa kwanza alirudi kuulizia diski ya zamani. Hatukumpa. Si kwa sababu ya sauti tena, bali kwa sababu ya bahasha za wale vijana. Ndani yake mlikuwa na nakala za vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, picha na namba za simu za watu waliokuja kuchapa wakaenda zao, wakiamini kwamba karatasi zao zimeondoka nao. Kufuta faili kwenye hadidiski ni kama kung'oa jina mlangoni. Mwenyeji bado yumo ndani, na mwenye ujuzi humtoa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini hata kabla ya sheria, aliyekukabidhi cheti chake amekukabidhi amana. Diski ile ilifunguliwa, sahani zake zikavunjwa mbele yetu.

SSD ina tabia tofauti. Kwa kawaida faili likifutwa humo, mfumo huiarifu diski, nayo hulisafisha kweli baada ya muda. Ni habari njema kwa siri za wateja, lakini ni onyo kwa wenye pupa: faili lililofutwa kwa bahati mbaya kwenye SSD ni nadra kurudi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye SSD hupotea pia bila fundi wa kuirudisha.

Kompyuta ya mpwa wangu sasa huwaka kabla hajamaliza kuitikia salamu ya mteja. Mashine ni ileile, kioo ni kilekile chenye mkwaruzo wa marehemu baba yake. Kwa anayetaka kufanya kama alivyofanya, mfuatano ni huu: soma afya ya diski uliyo nayo, nakili kilicho cha thamani kabla ya jambo lolote, hesabu kinachohitaji kasi na kinachohitaji nafasi, pima nafasi zilizomo ndani ya mashine, kisha ndipo utoe fedha. Na kabla ya kuzitoa, hakikisha mashine yenyewe bado inafaa. Mfumo wa Windows 10, ambao kompyuta nyingi kongwe zinautumia, uliacha kupata huduma ya kawaida ya kusasishwa tarehe 14 Oktoba 2025, na SSD haitibu maradhi hayo.

Siku dada yangu alipokuwa akirudi Ndungu, tulimsindikiza hadi stendi. Diski yake ilikuwa ndani ya kasha, kasha ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya mkoba, na mkoba mapajani. Kabla gari halijaondoka alimwita mwanawe dirishani.

"Na hii yangu ikifa, mwanangu?"

"Ipo ya dukani, mama."

"Na ya dukani ikifa?"

"Ipo hiyo yako."

Alifikiri kidogo. "Basi zisife siku moja," alisema, na gari likaondoka.